Mustang hardtop ya 1966: nitapata wapi mapambo sahihi ya bodi, na nitajuaje ni sahihi?

Boneti_Ndefu

Wadau, habari za jioni. Nina Ford Mustang hardtop (ya paa la chuma lisilofunguka) iliyosajiliwa kama ya 1966, V8, usukani umehamishiwa kulia. Bodi imeshanyooshwa, rangi bado. Nataka mapambo yarudi yalivyokuwa kiwandani, si kung'arisha tu ili mradi.

Hali ilivyo: pambo la bavu la nyuma kushoto halipo, la kulia lipo lakini limevunjika mguu mmoja. Beji ya 289 (ujazo wa injini kwa inchi) iko upande mmoja tu. Kwenye boneti herufi R ya FORD haipo. Fremu za taa za nyuma zimejaa vijishimo na krome inainuka kama malengelenge. Mikanda ya kung'aa inayozunguka kioo cha mbele ina mabonde mawili. Grili ni ya matundu kama sega la nyuki, ina farasi katikati na mihimili inayotoka kwake kwenda kushoto, kulia, juu na chini. Ndani viti ni vyeusi visivyo na nakshi yoyote, lakini milango ina paneli nene zilizoumbwa pamoja na sehemu ya kuwekea mkono.

Maswali ni matatu. Nianzie wapi kutafuta? Kipi kinaweza kutengenezwa hapa Nairobi na kipi lazima kiagizwe? Na vile vipande vipya vya kuigiza vinavyouzwa mtandaoni vinakaa sawa, au ni pesa ya kutupa?

---

Mzee_wa_Lungalunga

Ndugu, usinunue hata skrubu kwanza. Hilo gari linahitaji kusomwa. Kwa maelezo yako tayari kuna vitu viwili visivyopatana.

Grili ya sega la nyuki yenye mihimili minne ni ya 1965. Ya 1966 ina mistari myembamba ya kulala, na farasi na fremu yake vinaonekana kuelea bila mihimili, isipokuwa kwenye GT, toleo la michezo, ambalo lina mhimili wa kulala unaobeba taa za ukungu. Kwa hiyo ama gari ni la 1965, ama mtu aliweka grili ya mwaka mwingine baada ya kugonga mbele. Angalia mabavu ya nyuma: pambo la hardtop ya 1966 lina vidole vitatu vya kulala vinavyoelekea mbele. La 1965 halina vidole hivyo. Ukitazama lile lililovunjika utajua mara moja. Kisha tazama saa (geji) za dashibodi. Gari la 1966 lina saa tano za duara. La 1965 la kawaida lina spidomita ndefu ya kulala yenye saa mbili ndogo pembeni, muundo uliotoka kwenye Falcon, gari jingine la Ford, ingawa 1965 zenye nakshi ya kifahari na zile za GT zilipata saa tano pia. Ndiyo maana saa peke yake haithibitishi mwaka.

Sasa fungua mlango wa kushoto, ambao kwako ni wa abiria. Kuna kibati kimefungwa kwa ribiti. Kitaandika BODY, COLOR, TRIM, DATE, DSO, AXLE, TRANS, na chini yake namba ya gari. Namba ya 1966 inaanza na 6. Herufi inayofuata ni kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Halafu 07 ni hardtop, 08 ni ya kufunguka paa, 09 ni fastback, yenye paa linaloteremka hadi nyuma. Baada yake herufi ya injini: T ni silinda sita ya inchi za ujazo 200, C ni 289 yenye kabureta ya midomo miwili, A ni ya midomo minne, K ni ile ya nguvu maalumu. Herufi hiyo inaamua beji za madigadi. T haikuwa na beji ya 289 kabisa, na K ilikuwa na beji yenye maneno ya ziada juu ya 289. Ukiweka beji ya K kwenye gari la C, mtu anayejua ataliona kosa akiwa hatua kumi kutoka kwako.

Kibati cha mlango kinaweza kuwa cha kuchapishwa upya, maana vinauzwa. Kwa hiyo linganisha na namba iliyogongwa kwenye bati la ndani la madigadi ya kushoto, ndani ya chumba cha injini. Ukingo wa madigadi umekatwa kidogo pale ili namba isomeke. Kugeuza usukani hakuigusi, ila fundi wa bodi anaweza kuwa ameifunika kwa rangi nzito. Tumia dawa ya kuondoa rangi na brashi laini, si grinda.

Jambo la tatu ni matundu. Rangi haijapigwa, na hiyo ni bahati kubwa. Usimruhusu fundi azibe tundu lolote la beji mpaka ujue lilikuwa la nini. Tundu la kiwandani ni safi, la mviringo, na mara nyingi kuna tundu kama hilo mahali pale pale upande wa pili. Tundu la fundi wa jua kali lina makali yaliyopinda na halina mwenzake. Upande ambao madigadi imebadilishwa huenda hauna matundu kabisa. Hapo unachukua karatasi ngumu, unaiweka upande wa asili, unatoboa penye matundu, unaigeuza kinyume na kuipima kutoka ukingo wa mlango na mstari wa bodi. Usipime kutoka kwenye bampa, kwa sababu bampa inasogea.

Weka hapa kilichoandikwa kwenye kibati, ila ufute namba za mwisho kwa usalama wako.

---

Thika_Superhighway

Kaka, hayo yote ni ya nini? Maduka ya Marekani yanauza seti nzima ya mapambo imeandikwa 1964 hadi 1966. Unaagiza boksi moja, unafunga, biashara imeisha. Hakuna mtu Nairobi atakayekuuliza farasi wako ana mihimili mingapi.

---

Msasa_na_Pamba

Ndugu Thika, wengine wanauliza. Mwenye gari amesema anataka lirudi lilivyotoka kiwandani, kwa hiyo tumjibu hilo. Maandishi ya "1964 hadi 1966" yanamaanisha kipande kinaingia kwenye bodi ya miaka hiyo. Hayamaanishi kwamba kilitoka kiwandani kwenye gari lake.

Boneti, kabla ya kuhesabu cha kuagiza, tenga vipande vyako vya zamani kwa aina ya chuma, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaharibu kitu ambacho kingeokolewa. Kipande cha zinki kilichomiminwa ni kizito kwa ukubwa wake, sumaku haikishiki, na nyuma yake ni kijivu, pana maandishi yaliyoinuka na miguu iliyoumbwa pamoja nacho. Beji, herufi za boneti, mapambo ya mabavu na fremu za taa za nyuma ni za kundi hilo. Bampa ni chuma cha kawaida kilichopigwa krome: sumaku inanata kwa nguvu na kutu yake ni nyekundu. Stenlesi ni bati jembamba lililokunjwa kingo, na usidanganyike na sumaku hapo, kwa sababu stenlesi nyingi za mapambo ya magari ya enzi hizo zinavutwa na sumaku kiasi. Alumini ni nyepesi, na ikiwa bado ina ngozi yake ya anodaizi (utando wa kinga uliowekwa kiwandani kwa umeme), mita ya umeme ikigusishwa juu yake haipitishi. Kwaruza kidogo upande wa nyuma, itapitisha.

Mikanda ya kioo yenye mabonde usiitupe. Stenlesi ya zamani ni nene kuliko nyingi za kuigiza, na inaokoka vizuri sana. Weka mkanda kifudifudi juu ya gogo la mbao ngumu, ugonge bonde kutoka nyuma kwa nyundo ndogo yenye ncha ya mviringo, ukianzia ukingoni mwa bonde kuelekea katikati, kwa mapigo mengi mepesi. Pigo moja zito linainua kilima ambacho hakirudi, kwa sababu bati limeshavutika. Pitisha tupa laini juu yake: inapokwaruza ni kilima, isipogusa ni bonde. Ukishasawazisha, msasa wa 320, kisha 400, 600 na 800, wenye maji, na kila unapobadilisha namba badilisha na mwelekeo, ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Halafu gurudumu la katani na dawa ya kukata, kisha gurudumu la pamba na dawa laini. Funga mkanda kwenye ubao wa urefu wake wakati wa kung'arisha. Gurudumu lizunguke likitoka ukingoni, lisiingie. Likidaka ukingo litaupokonya mkanda mikononi mwako na kuukunja kama waya. Usitumie manyoya ya chuma hata kidogo, kwa sababu punje za chuma zinabaki ndani ya stenlesi na baada ya mvua za Aprili utaona vidoa vya kutu.

Fremu za taa za nyuma ni kazi nyingine. Malengelenge unayoyaona si uchafu wa juu. Maji yamepenya krome, zinki chini imeoza na kuvimba. Hakuna dawa ya kupaka itakayotibu. Lazima krome na nikeli vitolewe, kila kijishimo kichimbwe kwa kibiti kidogo mpaka zinki safi, kizibwe kwa lehemu baada ya kupakwa shaba nyekundu, kisawazishwe, kipakwe shaba tena, king'arishwe, ndipo nikeli na krome. Ugumu ni kwamba mafundi wengi wa krome wa Industrial Area wamezoea bampa na vyuma. Tangi la asidi wanalosafishia bampa linakula zinki, na dawa ya shaba yenye asidi nayo inaila kama zinki haijafunikwa kwanza na shaba ya dawa ya alkali. Muulize fundi maswali mawili tu: "Shaba yako ya kwanza kwa zinki ni ya alkali?" na "Unang'arisha shaba kabla ya nikeli?" Akijibu kwamba anapiga krome moja kwa moja, mpe bampa ya lori, usimpe fremu. Na hata akijibu vizuri, mpe kwanza kipande kilichokwisha kuharibika, kama hilo pambo la mguu uliovunjika, uone kazi.

Kwa fremu za taa za 1966, kusema ukweli, mpya za kuigiza zinatosha. Zinatengenezwa kwa wingi, zinakaa vizuri, na kutibu za zamani zenye vijishimo vingi huenda kukagharimu zaidi. Pesa na subira ziweke kwenye vipande ambavyo nakala zake ni mbaya.

Ukikuta alumini yenye ngozi iliyofifia, haing'ariki mpaka ngozi itoke. Gramu 50 za kostiki kwenye lita moja ya maji, ukiitia kostiki ndani ya maji na si maji juu ya kostiki, nje penye hewa, glavu na miwani vikiwa mahali pake. Zamisha, toa kila nusu dakika uangalie. Ngozi ikitoka utaona mapovu yanaongezeka ghafla, hapo suuza kwa maji mengi haraka. Kostiki hiyo hiyo inaharibu zinki, ndiyo maana nilisema utenge vyuma kwanza.

---

Boneti_Ndefu

Asanteni sana, mzee na Msasa. Kibati kinasema: 65B, M, 66, 14C, 71, 1, 6. Namba inaanza 6R07C. Namba ya chumba cha injini inalingana. Pambo lililovunjika lina vidole vitatu. Saa ni tano za duara.

---

Mzee_wa_Lungalunga

Hapo sawa kabisa. Ni hardtop ya 1966 kutoka San Jose, 289 ya midomo miwili. M ni nyeupe ya Wimbledon. 14C ni tarehe 14 Machi. DSO 71 ni eneo la mauzo la Los Angeles. Axle 1 ni uwiano wa 3.00 wa ekseli ya nyuma, na 6 ni gia otomatiki ya C4. Kwa hiyo grili ya sega iondoke, pamoja na farasi na mihimili yake. Unahitaji grili ya 1966, fremu ya farasi ya 1966, na farasi. Ukinunua grili peke yake na kutegemea fremu ya zamani, utabaki na sehemu za kushikia mihimili zikionekana wazi.

Muhimu zaidi ni 65B na 66. B maana yake gari lilitoka na nakshi ya kifahari ya ndani, na 66 ni nyeusi ya kundi hilo. Ndiyo sababu paneli za milango ni nene zilizoumbwa. Viti visivyo na nakshi ulivyo navyo viliingia baadaye, kwa sababu vya asili vina farasi wanaokimbia waliochorwa kwenye migongo. Kundi hilo lilikuja pia na nakshi ya mbao kwenye dashibodi, usukani wenye sura ya mbao, mishikio ya milango ya ndani iliyo kama kitako cha bastola, na taa ndogo kwenye paneli za milango. Angalia ni vipi vimebaki.

Kuhusu namba za spea. Namba ya Ford inaanza na herufi ya muongo, C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970. Tarakimu inayofuata ni mwaka, kisha herufi ya gari, na Z ni Mustang. Kwa hiyo C6ZZ ni spea iliyoanza na Mustang ya 1966, na Z ya mwisho ni idara ya spea. Kwenye kipande chenyewe mara nyingi utaona B mahali pa Z hiyo ya mwisho, kama C6ZB, kwa sababu hiyo ni namba ya wahandisi wa bodi. Namba mbili hizo hazilazimiki kufanana, kwa hiyo usikatae kipande kwa sababu kilichochorwa hakilingani na boksi. Na usishtuke kukuta C5 kwenye gari la 1966: kisichobadilika kiliendelea na namba yake ya 1965. Linalopaswa kukushtua ni C7 au D, maana kipande hicho ama ni cha gari jingine, ama ni cha matengenezo ya baadaye.

---

Shehena_Embakasi

Niongeze upande wa kuagiza, maana ndipo watu wanaumia.

Kirinyaga Road usiende kutafuta beji ya Mustang. Ford zilizojaa Kenya enzi hizo zilikuwa za Uingereza, Anglia na Cortina, na mapambo yake hayaingiliani na ya Marekani. Utakachopata huko ni raba za U, klipu za jumla na skrubu. Nati na bolti zako ni za inchi, si za milimita. Wauzaji wa spea za Land Rover za Series mara nyingi wana nati za uzi mwembamba wa inchi ambazo duka la Toyota halina. Usilazimishe nati ya M5 kwenye mguu wa beji: mguu ni zinki, unakatika kama chaki.

Mtandaoni utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni spea mpya ya zamani, iliyotengenezwa na Ford na kubaki kwenye boksi. Ya pili ni ya asili iliyotumika. Ya tatu ni nakala, na kati ya hizo zipo zenye leseni ya Ford, kama nyingi za Scott Drake, na zipo zisizo na jina. Boksi la FoMoCo (Ford Motor Company) si ushahidi, kwa sababu boksi tupu nazo zinauzwa. Omba picha nne: mbele, nyuma, namba kwa karibu, na kipande kikiwa kando ya rula. Picha ya nyuma ndiyo yenye habari zote. Pambo la asili lina miguu minene na namba zilizoumbwa kwa ukali. Nakala dhaifu ina miguu myembamba, kingo za mviringo, na krome yake inaelekea manjano kidogo. Muuzaji asipotaka kupiga picha ya nyuma, mwache. Kurudisha kitu kibaya Marekani kunagharimu kuliko kitu chenyewe.

Usafiri: mikanda mirefu inakula pesa kwa ujazo, si kwa uzito. Wasafirishaji wa haraka huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha wanagawa kwa 5000. Boksi la sentimita 180 kwa 20 kwa 15 linalipiwa kama kilo 10.8, hata kama ndani kuna mikanda ya kilo mbili. Mzigo wa kawaida wa ndege hugawanywa kwa 6000, linakuwa kilo 9. Kwa hiyo ukusanye kila kirefu kwenye boksi moja kwa wakala wa Marekani, ndani ya bomba la plastiki nene, vikitenganishwa na sponji. Mikanda inayokuja kwenye karatasi tupu hufika imepinda, na ile ya vioo ikishapinda kona haikai tena.

Ushuru unakokotolewa juu ya bei ya kitu pamoja na bima na nauli, si bei ya kitu peke yake. Juu yake kuna ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji, ada ya reli, kisha VAT ya asilimia 16 ambayo inahesabiwa juu ya jumla iliyoshaongezewa ushuru. Mwambie muuzaji aandike ankara kipande kwa kipande. Spea nyingi za bodi ya magari ziko chini ya namba ya forodha 8708, na bampa zina kifungu chake, 8708.10. Ankara iliyoandikwa "car parts" tu inamfanya afisa akadirie, na makadirio hayakupendelei.

Na kwa kuwa usukani umehamia kulia, angalia pedi ya dashibodi na kila kinachokaa dashibodini kabla ya kuagiza. Katalogi za Marekani, National Parts Depot na wengine, zinachukulia usukani uko kushoto. Australia ndiko kwenye uzoefu wa Mustang za kulia. Ford ya huko iligeuza takriban 200 mwaka 1965 na 1966, na wauzaji wa huko wana vipande vya dashibodi vya upande wetu. Mapambo ya nje hayaathiriki, isipokuwa kioo cha pembeni. Mlango wa kulia huenda haukuwa na matundu yake, kwa hiyo kiagize cha kulia na upime kabla ya kutoboa.

---

Sindano_Ngara

Kwa viti na dari, sikiliza mpangilio, kwa maana ukikosea unafungua kazi yote.

Kwanza kabisa, mimina maji kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, polepole, lita tano hivi, mwenzako akiwa ndani na tochi chini ya dashibodi. Mustang za miaka hiyo zinaoza pale, na maji yanashukia kwenye zulia. Tone likionekana, hilo linatibiwa kabla ya kitambaa chochote. Zulia jipya juu ya sakafu inayolowa linaanza kunuka kabla mvua za vuli hazijaisha.

Kisha dari, kabla ya vioo. Kitambaa cha dari kinavutwa na kubandikwa kwenye ukingo wa dirisha, halafu raba ya kioo inakuja juu yake. Fito za chuma zinazobeba dari toa moja moja na uziandike namba kuanzia mbele, kwa sababu mikunjo yake haifanani. Ukizichanganya dari itakuwa na mawimbi. Tandaza kitambaa juani saa moja kabla ya kuvuta. Anza katikati mbele, kisha katikati nyuma, ndipo pembeni, na bana kwa vibanio bila gundi mpaka mikunjo yote iishe. Gundi ni ya mwisho.

Baada ya dari ni klipu za mikanda ya vioo, kisha kioo, kisha mikanda. Klipu zilizolika ndizo chanzo cha mikanda inayotikisika na kupiga kelele barabarani, na tundu la skrubu ya klipu iliyooza linapitisha maji. Badilisha zote, usichague.

Viti: agiza vitambaa vyenye farasi kwa code 66, hardtop. Mwambie muuzaji hivyo hivyo, kwa maana kiti cha nyuma cha hardtop, cha fastback na cha gari la kufunguka havibadilishani. TMI na wengine wanavitengeneza. Nunua na sponji kwa wakati huo huo. Kitambaa kipya juu ya sponji iliyolala kinabaki na makunyanzi, na farasi wanakaa chini ya mahali pao. Fundi wa hapa atafunga vizuri, ila mkataze kushona farasi wa kuiga juu ya ngozi ya kawaida. Wa asili wamechapwa kwa joto ndani ya vinili, kingo zao ni laini, hazina uzi. Mwambie pia atumie pete za waya kufungia, si nyaya za kufunga mbao. Zile nyaya zinakata kitambaa kuanzia ndani.

---

Boneti_Ndefu

Nimeelewa, asante dada Sindano. Swali la mwisho: herufi R na beji ya 289, je, fundi wa kumimina Kamukunji anaweza kuzinakili kutoka zilizopo?

---

Msasa_na_Pamba

Anaweza kumimina, lakini kipande kitatoka kidogo kuliko cha asili. Alumini ikipoa kwenye mchanga inapungua takriban asilimia 1.3. Kwenye pambo la milimita 130 hiyo ni karibu milimita 1.7, na miguu haitaingia kwenye matundu. Herufi R ni fupi, upungufu wake hauonekani, ila ikikaa kati ya O na D jicho litaona kingo zilizolainika. Ukitaka kujaribu, tumia shaba ya manjano, kwa sababu inapokea nikeli na krome bila shida kuliko alumini, na miguu toboa na ufunge skrubu baadaye badala ya kuimimina. Kusema kweli, herufi nne za FORD na jozi ya beji za 289 ni vitu vidogo vinavyoingia kwenye boksi la mikanda bila kuongeza ujazo. Agiza herufi zote nne pamoja. Krome mpya ya R kando ya F, O na D za zamani haitalingana.

Wakati wa kufunga, weka tone la mastiki kwenye kila tundu kabla ya mguu kuingia, maana bati tupu la tundu ndilo linaloanza kutu chini ya rangi mpya. Nati za bati za kubana zinazokuja na nakala zinashika kwa msuguano tu, na bisibisi inang'oa beji kwa sekunde. Palipo na nafasi tumia nati zenye uzi na mastiki nyuma. Kama unataka kuchonga namba ya gari kwenye mapambo kama tunavyofanya kwenye taa na vioo, chonga nyuma, upande wa kijivu, usiguse krome. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Mguu wa zinki ukilia "tik", umeshakatika.